Kabla ya kufuta hitilafu za zamani, kifaa kiulizwe kwanza

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wakuu wa idara, maofisa TEHAMA, wakuu wa shule na wasimamizi wa zahanati wa Dodoma na mikoa ya jirani kuhusu mifumo ya kusimamia vifaa. Tunamaanisha ile programu inayokaa kwenye seva na kuonyesha ruta, swichi za mtandao, kompyuta, UPS (vifaa vya betri vya kushikilia umeme ukikatika) na vishikwambi vyote vya taasisi: kipi kizima, kipi kina hitilafu. Katika mifumo hiyo kuna rundo la rekodi za hitilafu ambazo muda wake umeshapita. Kifaa kilishapona, kilishahamishwa au kilishatupwa stoo, lakini kwenye skrini bado kinawaka nyekundu.

Agizo ambalo mafundi hupewa mara nyingi ni hili: "Futeni zote, skrini iwe kijani, kesho kuna wageni." Tunaandika kulipinga agizo hilo. Hatusemi rekodi za zamani ziachwe. Zinadhuru, na tutaeleza zinavyodhuru. Tunachopinga ni kuzifuta kwa mkupuo bila kukiuliza kifaa hali yake. Rekodi ya hitilafu ifungwe kwa sababu kifaa kimethibitisha kwamba ni kizima, au kwa sababu imethibitishwa kwamba kifaa hakipo tena pale rekodi inapokitaja, kimehama au kimeondolewa. Hakuna sababu ya tatu.

Madhara ya kuziacha yanajulikana nusu tu. Kila mtu anajua kwamba ukurasa wenye hitilafu 400 hausomwi, na kwamba hitilafu ya leo asubuhi, pengine ya diski inayoanza kufa, itaingia ya 401 na kuzama humo. Kisichojulikana na wengi ni kwamba rekodi iliyoachwa wazi inaweza kuizuia mpya isizaliwe kabisa. Chukua Zabbix, mojawapo ya mifumo hiyo. Kwa mpangilio wake wa kawaida, triga, yaani kanuni inayotangaza tatizo, ikishaingia kwenye hali ya tatizo haifungui tatizo jingine mpaka kwanza irudi kwenye hali nzuri. Ikiwa triga hiyo inategemea ujumbe ambao swichi hutuma yenyewe, na ule ujumbe wa kupona haukufika mwaka jana, basi kiungo kikikatika leo hakuna tatizo jipya litakaloandikwa, hakuna ujumbe utakaotumwa, na simu ya fundi wa zamu haitaita. Wafanyakazi watakaa bila mtandao huku mfumo ukionyesha kitu kile kile ulichokuwa ukionyesha jana na juzi.

Rekodi za namna hii hazitokani na uzembe wa fundi peke yake. Zinatokana na jinsi vifaa vinavyozungumza na seva. Swichi ikipoteza waya kwenye tundu lake mojawapo hutuma ujumbe wa SNMP, lugha ya vifaa vya mtandao ya kutoa taarifa zao, kwamba kiungo kimekatika. Waya ukirudi hutuma mwingine kwamba kimerudi. Ujumbe huo husafiri kwa UDP, njia nyepesi ya kutuma data, kupitia poti (mlango) 162, na UDP haingoji jibu. Umeme ukikatika Kizota au Nkuhungu kisha ukarudi, swichi, ruta na seva huamka kila moja kwa wakati wake. Ujumbe wa kurudi unaweza kutumwa wakati ruta iliyo katikati bado inajiwasha, ukapotea njiani. Swichi inahesabu kwamba imeshatoa taarifa, seva haijapokea kitu, na rekodi inabaki wazi hata miaka mitatu. Kuna pia swichi ambazo zikiwashwa upya hupanga upya namba za ndani za matundu yake: tatizo lilifunguliwa kwa tundu lenye namba 10, taarifa ya kupona imekuja kwa namba 14, na mfumo hauwezi kujua kwamba ni waya ule ule.

Dawa ya hapo si kufuta. Mpangilio wa swichi ubadilishwe ili itume ule ujumbe unaosubiri kukiriwa na seva, maana SNMP toleo la 2 na la 3 yanao, na seva nayo iwe inauliza yenyewe hali ya kila tundu muhimu kila dakika 5. Jibu likiwa 1 tundu liko hewani, likiwa 2 limekatika. Triga ikitegemea jibu hilo badala ya ujumbe uliotumwa mara moja, rekodi hujifunga yenyewe. Zile swichi zinazobadilisha namba zina amri ya kuzifanya namba zidumu baada ya kuwashwa upya. Iwekwe, mpangilio uhifadhiwe, na swichi iwashwe upya mara moja jioni watu wakishatoka ili kuhakikisha namba hazikubadilika.

Chanzo kingine kinaihusu Dodoma kuliko miji mingi. Tangu uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia Serikali hapa, vifaa vimesafiri: kutoka Dar es Salaam hadi majengo ya katikati ya mji, na vingine tena hadi Mtumba. Kila uhamisho umebadilisha anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao), jina la jengo na mara nyingi jina la kompyuta. Pale ambapo mfumo unatambua kifaa kwa anwani au jina, kifaa kimoja kina rekodi mbili au tatu, na ile ya zamani ni nyekundu milele kwa sababu hakuna kitu kinachojibu kwenye anwani ile. Kompyuta ikiwekewa Windows upya hutokea hivyo hivyo: inaandikishwa kama mgeni, na rekodi yake ya kwanza inabaki na hitilafu zake zote.

Hapa vifaa vioanishwe kwa namba ya kiwandani, ile iliyobandikwa chini ya mashine na inayosomeka pia ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, wala si kwa jina. Lakini angalieni: kompyuta nyingi za mezani zilizounganishwa kienyeji hazikuwekewa namba hiyo, na mahali pake pamebaki maneno "To Be Filled By O.E.M." au "Default string". Mfumo ukiambiwa uunganishe rekodi zenye namba moja, kompyuta 30 tofauti zitageuka kuwa moja, na hitilafu za zote zitabandikwa kwenye mashine moja isiyo na kosa. Kwa mashine hizo tumieni anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao iliyo kwenye ubao mama. Ile ya adapta ya USB haifai kwa sababu adapta huazimwa meza hadi meza. Vishikwambi navyo, kuanzia Android 10, hubuni anwani ya MAC kwa kila mtandao wa Wi-Fi, kwa hiyo kwao MAC si kitambulisho. Namba ya kiwandani au IMEI ndiyo ya kushika.

Sasa utaratibu. Anzeni na nakala. Toeni orodha nzima ya hitilafu kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi linalofunguka hata kwa Excel) lenye jina la kifaa, namba ya kiwandani, maneno ya hitilafu kama yalivyo, siku iliyofunguliwa na siku ambayo kifaa kiliwasiliana na seva mara ya mwisho. Kisha chukueni nakala rudufu ya hifadhidata yote, iwekwe kwenye diski isiyo ya seva hiyo, na ijaribiwe kurudishwa kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa isihesabiwe.

Safu ya mawasiliano ya mwisho ndiyo ya kupangia kazi, na ndiyo inayorukwa na wengi. Panga orodha kwa safu hiyo na utapata mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vifaa vilivyowasiliana ndani ya saa 24. Hivi viko hai, kwa hiyo mfumo uagizwe uviulize upya sasa hivi badala ya kungoja zamu yake. Sehemu kubwa ya rekodi zao zitajifunga ndani ya dakika chache, na zitakazobaki ni hitilafu za kweli au triga zilizoandikwa vibaya. Fungu la pili ni vifaa vilivyo kimya kati ya siku 1 na 30. Hapo mtu apige simu kwenye kituo husika, Bahi, Kongwa au Chemba, aulize kama kifaa kinawaka. Fungu la tatu ni vilivyo kimya zaidi ya siku 30. Hivyo havishughulikiwi kwenye kompyuta kwanza, vinashughulikiwa kwa rejista ya mali mkononi, mpaka ijulikane kila kimoja kiko wapi.

Kwa nini tunasisitiza ukimya? Kwa sababu ndipo kufunga kwa mkono kunapodanganya. Zabbix hukuruhusu kufunga tatizo mwenyewe ikiwa triga imewekewa ruhusa hiyo. Kama kifaa bado kinatuma vipimo na tatizo bado lipo, ukilifunga litafunguka tena kipimo kinachofuata kikifika. Hakuna hasara, mfumo umekusahihisha. Lakini kama kifaa hakitumi tena kitu, tatizo ulilolifunga halitarudi kamwe. Skrini itakuwa kijani kwa sababu kifaa kimekufa. Kwa hiyo kabla ya kufunga tatizo lolote kwa mkono, kila kifaa kiwe na triga ya ukimya, ile ya nodata inayolia kifaa kisipotuma kitu, iliyowekwa dakika 30 kwa ruta na seva. Kwa kompyuta za ofisini zinazozimwa jioni dakika 30 zitaleta kelele kila siku. Hizo wekeni siku 3, ili wikiendi isihesabiwe kuwa hitilafu.

Na tafadhali, asiingie mtu kwenye hifadhidata kufuta mistari ya jedwali la matatizo kwa amri ya SQL, lugha ya hifadhidata. Tatizo litatoweka kwenye skrini, lakini triga yenyewe bado imeandikwa kwamba iko kwenye hali ya tatizo. Kwa vile haitoki kwenye hali nzuri kuingia mbaya, haitatoa taarifa nyingine. Umeua kengele na kuacha taa ya kijani. Kazi ya kufuta waachieni wafagiaji wa ndani wa Zabbix: kwa kawaida huamka kila saa 1 na kufuta rekodi zisizozidi 5,000 kwa kila kazi, ili hifadhidata isilemewe. Nao hawagusi tukio ambalo tatizo lake bado liko wazi, hata liwe la mwaka gani. Ndiyo maana kufupisha muda wa kuhifadhi kutoka siku 365 hadi 90 hakupunguzi zile nyekundu hata moja. Kwanza zifungwe, ndipo umri wake uanze kuhesabiwa.

Baada ya kufuta nyingi, wengine hushangaa kuona nafasi iliyotumika kwenye diski ya seva haijapungua hata kidogo. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ikifuta mistari huiacha nafasi ndani ya faili ili itumike tena, hairudishi kwa mfumo wa uendeshaji. Amri ya VACUUM FULL huirudisha, lakini hulifunga jedwali lisitumike muda wote inapofanya kazi, na inahitaji nafasi ya ziada ya kuandikia jedwali jipya kabla ya kulitupa la zamani. Kwenye diski iliyojaa asilimia 95 amri hiyo inaweza kuishia njiani. Kama nafasi haijabana, acheni. Faili halitaendelea kukua kwa muda mrefu.

Seva zina daftari jingine ambalo mfumo wa juu unalisoma tu: kumbukumbu ya matukio iliyo kwenye chipu ya usimamizi, inayosomwa kwa programu ya ipmitool. Ina nafasi ndogo, kila rekodi ni baiti 16, na kwenye seva nyingi ikijaa huacha kuandika matukio mapya. Taa ya rangi ya chungwa mbele ya seva mara nyingi ni ya rekodi iliyo humo. Hapa twende polepole kidogo. Amri ya "ipmitool sel info" inaonyesha asilimia iliyotumika. "ipmitool sel elist" inaorodhesha matukio, na mwisho wa kila mstari kuna neno Asserted au Deasserted: tukio limeanza, tukio limekwisha. Usambazaji wa umeme uliopotea saa 8 mchana unapaswa kuwa na mwenzake wa kurudi. Soma orodha nzima ukiyaoanisha. Lililoanza likakosa mwenzake ni la kufuatilia kwa macho: nyuma ya seva, kwenye kebo ya umeme na kwenye feni ya kisambaza umeme, ambayo vumbi la kiangazi la hapa huijaza mpaka ikapunguza mzunguko.

Rekodi za memori zina hukumu yake. Kosa la memori lililosahihishwa, likitokea mara moja, ni la kuandika na kuendelea. Likijirudia kwenye kipande kile kile, andikeni jina la nafasi yake kama linavyosomeka, mathalani DIMM_A2, kabla ya kufuta chochote. Likiwa halikusahihishwa, kipande kibadilishwe kwanza. Ukisafisha kabla ya kuandika nafasi, siku seva itakapozima utakuwa na vipande 8 au 16 vya kujaribu kimoja kimoja. Baada ya kuhifadhi faili kwa "ipmitool sel save", sahihisha saa ya chipu kwa "sel time set now", ndipo utoe "sel clear". Rekodi ya kwanza itakayoonekana baada ya hapo itasema kwamba kumbukumbu imesafishwa, na saa yake. Hiyo isiwaogopeshe. Mkaguzi akiuliza, ndiyo inayoonyesha kwamba kazi ilifanyika lini, na faili mlilohifadhi linaonyesha kilichokuwamo.

Kuna hesabu ambazo hazifutiki, na fundi asilazimishwe kuzifuta. Diski ina kipimo namba 199 cha SMART, daftari la afya ambalo diski hujiandikia, kinachohesabu makosa ya mawasiliano kwenye waya wa SATA unaoiunganisha na kompyuta. Waya mbovu ukibadilishwa, hesabu haishuki. Kama ilifika 212, itabaki 212 maisha yote ya diski. Kifanyike hivi: andika 212 kama msingi, na triga ibadilishwe ilie hesabu ikiongezeka badala ya kulia kwa kuwa si sifuri. Namba 5, ya sekta zilizohamishwa, haishuki pia, lakini hiyo ikipanda wiki hadi wiki diski haina maisha marefu.

UPS ndizo zinazotoa rekodi nyingi zilizopitwa na wakati katika ofisi ndogo. Betri imebadilishwa, hitilafu ya "badilisha betri" bado iko. UPS haina njia ya kujua kwamba umeweka betri mpya; inajua matokeo ya jaribio lake la mwisho, na jaribio hilo lilishindwa. Kinachoifuta ni jaribio jipya lililofaulu. Betri mpya ya volti 12 na Ah 7 ichajiwe kwanza angalau saa 8, kisha jaribio liagizwe kwa kitufe cha mbele au kutoka kwenye mfumo. Ukiliagiza dakika 10 baada ya kuifunga betri, linaweza kushindwa tena, na mtu ataanza kulaumu duka. Hakikisheni pia tarehe ya betri inaandikwa ndani ya mpangilio wa UPS kwa zile zenye sehemu hiyo. Katika chumba chenye joto betri hizi huchoka haraka kuliko miaka 3 hadi 5 inayotajwa, na tarehe ndiyo itakayowaambia kama hitilafu inayofuata ni ya kweli.

Kwa wanaosimamia ruta za majumbani na za vituo kwa itifaki ya TR-069, inayoiwezesha seva kuiagiza ruta kutoka mbali (hawa ni watoa huduma za intaneti na taasisi zenye matawi mengi), rekodi ya kosa si kumbukumbu tu, ni kizuizi. Kwenye GenieACS, mojawapo ya programu za seva hiyo, kosa likiwapo kazi husika inangoja kwa nafasi zinazozidi kurefuka kabla ya kujaribiwa tena. Someni kwanza namba ya kosa. 9005 ni jina la kigezo lisilojulikana: mara nyingi agizo limeandikwa kwa mtindo wa zamani unaoanza na InternetGatewayDevice, na ruta ni mpya inayotaka Device, au kinyume chake. Ukilifuta bila kusahihisha agizo, litarudi ruta ikijitokeza tena. 9007 ni thamani isiyokubalika, kwa mfano nywila ya Wi-Fi yenye herufi chini ya 8. 9010 ni faili kushindwa kupakuliwa, na hapo angalieni kama poti 7567 ya seva inafikika kutoka upande wa ruta. Kumbukeni kwamba kulifuta kosa lililotokana na kazi huifuta na kazi yenyewe. Kama mlikuwa bado mnataka kazi hiyo ifanyike, chagueni kujaribu tena, msichague kufuta.

Na msijaribu tena zote kwa pamoja. Programu ya ruta yenye MB 16 ikipakuliwa na ruta 300 ni MB 4,800. Kwenye kiungo cha Mbps 20 hiyo ni dakika 32 ambazo hakuna mtu mwingine atakayepata kitu, na ruta zitakazochoka kungoja zitaandika 9010 mpya. Mafungu ya ruta 20 huchukua zaidi kidogo ya dakika 2 kila moja. Fanyeni usiku, na kila fungu likaguliwe kabla ya linalofuata.

Vishikwambi vya shuleni vina kalenda yake. Mifumo mingi ina kanuni ya kuondoa yenyewe kifaa kilichokaa kimya kwa idadi fulani ya siku. Siku 30 zinafaa ofisini, lakini shuleni vishikwambi hufungiwa kabatini likizo ya Juni na ile ndefu ya Desemba hadi Januari. Kanuni hiyo itaviondoa vikiwa vizima, na shule ikifunguliwa kila kimoja kitahitaji kuandikishwa upya kwa mkono, pengine kwa kurudishwa kama kilivyotoka kiwandani. Wekeni siku 120. Shule zilizo mbali na minara ya simu, ambako kifaa hupata mtandao mwalimu anapokwenda mjini tu, ziwekwe kwenye kundi lake lisilo na kanuni kabisa. Kosa linalojirudia zaidi humo, la programu kushindwa kusakinishwa, chanzo chake kwa kawaida ni nafasi iliyojaa picha na video. Futeni hizo kwanza, bakini na GB 2 wazi, kisha kifaa kiagizwe kusawazisha.

Yote haya yanategemea saa. Ruta nyingi hazina betri ya saa, kwa hiyo zikiwaka huanzia 1 Januari 1970 mpaka zipate saa ya kweli kupitia NTP, huduma ya kusawazisha saa mtandaoni, poti 123. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imeisha nguvu nayo hurudi nyuma miaka kadhaa. Mkiagiza mfumo ufute kila kitu kilichozidi siku 90 kwa kufuata tarehe ya kifaa, hitilafu ya leo asubuhi iliyoandikwa 1970 itafutwa usiku wa leo. Tumieni tarehe ya kupokelewa kwenye seva. Kumbukeni vilevile kwamba seva nyingi huandika saa ya UTC, saa rejea ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3, na kwenye daftari la mapokezi mtu ameandika "saa mbili asubuhi" kwa maana ya 08:00. Hitilafu moja itakuwa na saa 05:00, 08:00 na 2. Daftari la mafundi liandikwe kwa mtindo wa saa 24, saa ya Afrika Mashariki.

Tukija kwenye sheria, taasisi za umma zisichukulie rekodi hizi kama takataka za kompyuta. Nyaraka za ofisi ya umma zinaangukia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na ofisa masjala ashirikishwe kabla muda wa kuhifadhi haujapangwa. Upande wa pili, rekodi ya hitilafu hubeba jina la mtumiaji, namba ya simu, hata mahali kifaa kilipo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haikubali taarifa za watu kulimbikizwa bila sababu. Sisi tungependekeza miezi 12 kwenye mfumo, kisha faili lililobanwa na kufungwa kwa nywila lihifadhiwe kwa muda ulioandikwa. Majaribio ya kuingia yaliyoshindwa na matukio mengine ya usalama yatengwe kabisa. Hayo si hitilafu za kusafishwa, na yawe na muda wake mrefu zaidi.

Wakuu wa idara wana sababu nyingine ya kutoharakisha. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na maombi ya bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi la kununua betri 40 za UPS au kubadilisha swichi 6 linasimama juu ya historia ya hitilafu: mara ngapi, wapi, kwa muda gani. Aliyeifuta ili skrini ipendeze amejinyima ushahidi wake mwenyewe. Kabla ya usafi wowote mkubwa, tolewe jumla ya hitilafu kwa kila kifaa katika miezi 12, ipelekwe kwa anayeandaa bajeti.

Tunachowaomba wakuu ni saa 2 kila Ijumaa kwa fundi mmoja, bila kuitwa kwenda kufungua printa, na rekodi 20 kwa kila kikao, kila moja ikiandikwa sababu ya kufungwa: kimepona, kimehama, kimeondolewa. Mwenye hitilafu 400 atamaliza ndani ya wiki 20. Anayetaka kuanza Ijumaa hii aanze na UPS, kwa sababu jaribio lake ni la dakika chache na matokeo yanaonekana siku hiyo hiyo. Ila betri zilizobadilishwa karibuni ziachwe kwenye chaji tangu Alhamisi.

Mafundi wa mifumo na mitandao,
Dodoma